Utangulizi: Uwanja Hauishii Kwenye Ua Wake

Njia ya kurukia ndege ya Kisumu ina urefu wa kilomita 3.3. Kabla ya upanuzi uliokamilika mwanzoni mwa muongo wa 2010 ilikuwa na takriban kilomita mbili. Leo ndege kubwa ya mizigo inaweza kutua pale, kando ya Ghuba ya Winam, na kuondoka na shehena ya maana. Hata hivyo, mtu akisimama upande wa barabara ya Busia akatazama ratiba ya siku ya kawaida, ataona hasa ndege zenye viti visivyofika mia moja, zikienda Nairobi na kurudi kwa safari ya dakika 45 hivi. Samaki wabichi wa ziwa, bidhaa ambayo ungetarajia ipae kutoka hapo hapo, wamesafiri kwa miaka mingi kwa malori yenye majokofu hadi Nairobi na kupakiwa ndege huko.

Je, njia ilijengwa ndefu kupita kiasi? Au kuna kitu kingine ambacho hakikujengwa? Maswali haya mawili yanatosha kumwingiza mgeni katika taaluma ya kupanga uwezo wa viwanja vya ndege na njia zinazoviunganisha na nchi. Nakukaribisha kupitia Kisumu kwa sababu mji huu una kila namna ya usafiri ninayotaka kuifundisha, na zote ziko karibu kiasi kwamba unaweza kuzizungukia kwa tuktuk kabla ya chakula cha mchana: gati, reli, bomba la mafuta, barabara kuu ya kwenda Uganda, na uwanja wenyewe.

Nisikufiche msimamo wangu. Uwezo wa uwanja hupimwa mahali palipo pembamba kuliko pote katika safari nzima ya abiria au ya kilo moja ya samaki, na mara nyingi mahali hapo hapako ndani ya ua wa uwanja. Wapangaji wengi wanalikubali jambo hili kwa mdomo, kisha wanachora njia ya ndege kwanza na kuyaacha mengine yajipange yenyewe. Mambo hayo hayajawahi kujipanga.

Kisumu yenyewe ni mtoto wa maungio. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na kusudi lake halikuwa kufika hapo bali kuvuka. Meli ya William Mackinnon ilisafirishwa ikiwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla hata treni haijafika. Yaani chombo cha upande wa pili wa safari kilikuwa tayari kabla ya reli kukamilika. Mwanafunzi aiweke kando tarehe hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye habari za mafuta.

Usafiri wa anga nao ulianza kama ndugu wa meli. Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya London hadi Mwanza ikipitia Kisumu, na mwaka uliofuata njia ikanyooshwa hadi Cape Town. Kutoka Khartoum abiria walikuja kwa ndege za majini, wakashuka Kisumu, wakapanda ndege za nchi kavu kuelekea Nairobi na kusini. Kuanzia 1937 ndege kubwa zaidi za majini zilipita Port Bell, Kisumu na Mombasa hadi Durban. Kwa ndege hizo za majini njia ya kurukia ilikuwa ziwa lenyewe, na hakuna aliyehitaji kuipanua. Kilichohitajika ni gati, mafuta, nyumba ya kulala wageni na treni ya kuwachukua watu. Hapo somo la maungio lilikuwa wazi kuliko lilivyo leo, kwa kuwa hakukuwa na lami ndefu ya kuyavuta macho.

Kwa nini basi kilomita 3.3? Hapa hesabu ni tamu, na nitaifanya polepole. Chukua ndege ambayo, ikiwa imejaa, ingehitaji mita 2,000 kupaa kwenye usawa wa bahari katika hewa ya nyuzi 15. Kanuni ya mwanzo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga inasema uongeze asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kisumu iko mita 1,150 hivi juu ya bahari. Nyongeza inakaribia asilimia 27, na mita 2,000 zinakuwa kama 2,540. Kisha uongeze asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto linalozidi joto la kawaida la mwinuko huo. Kwa Kisumu joto hilo la kawaida la vitabuni ni nyuzi 7.5, lakini mchana wa mji huu unazungukia nyuzi 30. Tofauti ya nyuzi 22 na nusu inazifikisha mita zetu 3,100 na zaidi.

Kwa hiyo njia ya Kisumu si ndefu ya kujionyesha. Hewa ya mwinuko ni nyepesi, hewa ya joto ni nyepesi zaidi, na bawa hutegemea uzito wa hewa. Kanuni hiyo hiyo inaonya kwamba nyongeza zikizidi asilimia 35 kwa jumla, hesabu ya jumla isitegemewe tena. Sharti ufanyike uchunguzi mahususi kwa kila aina ya ndege. Sisi tumepita asilimia 50. Kuna pia njia ya kuupunguza mzigo huu bila kumwaga hata toroli moja ya lami, nayo ni kupaa alfajiri au usiku hewa ikiwa imepoa. Lakini kupaa usiku kunataka taa, waongozaji ndege wa zamu, maafisa wa forodha walio macho na dereva wa lori aliyefika kwa wakati. Ona jinsi swali la fizikia lilivyogeuka kuwa swali la zamu za kazi.

Watu wakisikia neno uwezo hufikiria idadi ya ndege ambazo njia inaweza kupokea. Gatwick, karibu na London, hupokea na kurusha ndege zaidi ya hamsini kwa saa kwenye njia moja. Kisumu iko mbali sana na kikomo hicho, na haitakikaribia katika umri wa mwanafunzi anayesoma ukurasa huu. Ufinyu wa uwanja wa ukubwa huu hujitokeza kwanza kwenye maegesho ya ndege, kwenye mashine ya ukaguzi wa mizigo, kwenye chumba cha kungojea, kwenye mkanda wa mabegi. Ndege mbili za viti 78 zikifika ndani ya nusu saa moja, jengo linapata watu 156 wanaoshuka na 156 wanaongoja kupanda, pamoja na waliowasindikiza na waliokuja kuwalaki. Na Kisumu mtu haendi kumlaki mgeni peke yake.

Ndiyo maana tunapanga kwa saa ya msongamano, si kwa jumla ya mwaka. Jumla ya mwaka hupendwa na wanasiasa kwa kuwa ni kubwa. Mpangaji hutafuta saa yenye shughuli nyingi inayojirudia mara za kutosha, kisha anajenga kwa ajili yake. Haichukui ile saa moja mbaya kuliko zote, maana jengo la namna hiyo lingekaa tupu karibu siku zote. Kwa kawaida huchaguliwa saa ya 30 au ya 40 kwa ukubwa katika mwaka, na zile zilizo juu yake zinavumiliwa.

Swali ni zipi za kuvumilia. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vitakuambia kilele ni likizo ya kiangazi na Jumatatu asubuhi ya wafanyabiashara. Huku ziwani kuna Desemba, bila shaka, na kuna uchaguzi wa Agosti. Lakini kuna pia matanga. Mazishi mengi ya Nyanza hufanyika mwishoni mwa juma, kwa hiyo ndege za Alhamisi na Ijumaa huja zimejaa na za Jumapili alasiri hurudi zimejaa, huku upande wa pili wa kila safari ukiwa na nafasi. Hili si jambo la pembeni la kuchekea. Ni mzunguko unaojirudia kila wiki, unaotabirika kuliko utalii, na sijaona kitabu cha mafunzo kinachoutaja. Kisha kuna matukio ya mara moja: mkutano wa Africities wa Mei 2022 ulioleta wajumbe wa miji ya bara zima, au mazishi ya Raila Odinga huko Bondo mwezi Oktoba 2025. Kwa haya huwezi kujenga jengo, ila unaweza kuwa na mpango: uwanja wa nyasi wa kuweka mahema, maegesho ya ziada, njia ya magari ya dharura isiyotegemea lango moja.

Ongeza hali ya hewa. Eneo la kati ya Kericho, Nandi na ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi duniani, na mara nyingi dhoruba hujikusanya alasiri. Ndege iliyocheleweshwa na mvua ya saa kumi huishukia ndege ya saa kumi na moja, na kilele ambacho ratiba iliahidi kukitawanya kinarudi kwa mkupuo.

Kupanga kwa saa ya msongamano kunataka makadirio, na sharti niyaseme wazi, kwa kuwa hapo ndipo taaluma yetu ilipojiharibia jina. Mtu huchukua takwimu za miaka kumi, anachora mstari, anaunyoosha miaka ishirini mbele, anauita utabiri. Mstari huo hauijui nauli. Aprili 2014 Jambojet ilianza safari za bei nafuu za ndani, Kisumu ikiwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo, na watu ambao miaka yote walikuwa abiria wa basi la usiku wakawa abiria wa ndege. Mwaka mmoja na nusu hivi nyuma, Novemba 2012, Jetlink ilisimamisha safari zake, na viti vilivyokuwa vikihesabiwa kama ukuaji vikapotea kwa siku moja. Mstari ulionyooshwa kutoka mwaka wowote kati ya hiyo ungekupeleka mahali tofauti.

Nje ya mipaka yetu mfano ninaoupenda, kwa maana ya kuuogopa, ni Mirabel wa Montréal. Ulifunguliwa 1975 kwa matumaini ya kuwa lango la Kanada. Reli ya kasi ya kuuunganisha na mji haikujengwa, barabara zake kuu zilibaki nusu, na uwanja wa zamani wa mjini ukaachwa uendelee na kazi. Safari za abiria zilikoma 2004. Wengi husema makadirio ndiyo yaliyokosewa. Mimi naona kilichokosewa zaidi ni maungio, kwa sababu hata nusu ya abiria waliotarajiwa wangeweza kuuweka hai kama wangefika kwa urahisi. Hapa kwetu, kituo kipya kikubwa cha abiria cha uwanja wa Jomo Kenyatta, kile kilichoitwa Greenfield, kiliwekewa jiwe la msingi Desemba 2013 na kufutwa 2016. Hatutajua kamwe kama kingejaa.

Dawa ya makadirio yanayokosea ni kupanga kwa hatua zenye vichocheo. Badala ya kusema jengo litapanuliwa mwaka fulani, unasema litapanuliwa abiria wa saa ya msongamano wakifikia kiwango fulani kwa miaka miwili mfululizo, na ardhi ya upanuzi huo unaitenga leo. Ardhi haingoji. Pande za Usoma na Kogony, kando ya uwanja wa Kisumu, nyumba zinazidi kuongezeka, na madai ya wenyeji juu ya ardhi iliyoingia uwanjani yamerudi mezani mara nyingi. Mpango usiowataja watu hao ni ramani tu.

Sasa mizigo, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika utangulizi huu badala ya kuendelea kusahihisha mitihani.

Mbuta aliyevuliwa Usenge au Mfangano huanza kupoteza thamani dakika anapotoka majini. Kutoka ufuo hadi kiwandani anahitaji barafu. Kiwandani anapunwa minofu na kupozwa karibu na nyuzi sifuri. Kutoka hapo hadi sahani ya Ulaya zimebaki siku chache. Kwa mnofu huo ndege ina maana. Kwa omena haina, omena wakavu wataenda kwa lori na kwa meli, na hakuna aibu katika hilo. Mabondo ya samaki yaliyokaushwa, yanayotakiwa Uchina kwa bei kubwa, yanaweza kulipa nauli ya ndege yoyote, ila uzito wake ni mdogo mno kuijaza. Kanuni ya kwanza ya mizigo ya anga ndiyo hiyo: uliza bei kwa kilo na kasi ya kuharibika, kabla hujauliza tani ngapi.

Kanuni ya pili ni ngumu zaidi. Ndege ya mizigo hulipwa kwa safari mbili. Uwanja wa Eldoret ulifunguliwa 1997 ukiwa na njia ya kilomita 3.5, na umekuwa ukipokea ndege za bidhaa kutoka Asia na nchi za Ghuba ya Uajemi. Nyingi zimekuwa zikishusha mzigo kisha kwenda Nairobi kutafuta maua ya kurudi nayo. Kwa hiyo Magharibi mwa Kenya tuna uwanja wenye mzigo wa kuingia usio na wa kutoka, na mwendo wa lori wa nusu siku au chini ya hapo tuna Kisumu wenye mzigo wa kutoka usio na wa kuingia. Viwanja hivi viwili vimezungumziwa kama wapinzani tangu nianze kufundisha. Nani amewahi kuvipanga kama mlango mmoja wenye mabawa mawili?

Hata mzigo wa kutoka si wa kuhakikishwa. Kati ya 1997 na 2000 nchi za Ulaya zilifunga soko lao kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa sababu za usafi, za kipindupindu na za sumu iliyotumiwa na wavuvi wengine. Viwanda vilisimama Kisumu, Mwanza na Entebbe kwa pamoja. Mbuta nao wamepungua tangu enzi za miaka ya 1990. Anayepanga kituo cha mizigo Kisumu kwa zao moja atakuwa amekijenga juu ya cheti cha maabara. Vyumba vya baridi vinavyoweza kupokea pia parachichi la Kisii, maharagwe mabichi, chanjo na dawa za hospitali za kanda nzima vinagharimu zaidi kidogo, lakini havifungwi kwa barua moja kutoka Brussels.

Tarehe ya William Mackinnon niliyokuomba uiweke kando sasa inahitajika. Mwaka 2018 Kampuni ya Mabomba ya Kenya ilikamilisha gati la mafuta la Kisumu, ili meli zipakie mafuta yaliyofika kwa bomba na kuyavusha hadi Uganda. Gati lilikuwa zuri. Upande wa pili, matangi na gati la kupokelea karibu na Entebbe, na meli ya kubebea, vilikuwa bado. Gati likakaa miaka kadhaa likingoja. Waliopanga mwaka 1900 walikuwa na sababu zao za kikoloni ambazo siziungi mkono, lakini walijua kwamba nusu ya daraja haivushi mtu. Feri ya mabehewa MV Uhuru, iliyoanza kazi miaka ya 1960, ilikuwa na maarifa hayo hayo: behewa liliingia melini na kutoka upande wa pili bila gunia moja kushushwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 chuma kilibaki kile kile, makubaliano ndiyo yaliyokatika.

Reli ya kisasa ilifika Naivasha 2019 na kusimama. Mzigo wa Kisumu unahamishiwa kwenye reli ya zamani ya mita moja, iliyokarabatiwa, na treni ya abiria ya Nairobi ilirudi Desemba 2021 baada ya miaka mingi ya kimya. Kila mahali pa kuhamisha mzigo panakula saa, na saa kwa mnofu wa mbuta ni pesa. Barabara ya mzunguko ya Nyamasaria hadi Kisian imeyaondoa malori ya Busia katikati ya mji, na bila kukusudiwa sana imekuwa mradi bora wa uwanja wa ndege kuliko baadhi ya miradi yenye jina hilo. Kwa watu wa kusini mwa ghuba, feri ya Luanda K'Otieno hadi Mbita inampunguzia mtu wa Rusinga safari ndefu ya kuzunguka kupitia Homa Bay. Feri ikiharibika, eneo la huduma la uwanja wa Kisumu linasinyaa asubuhi hiyo hiyo. Na tangu ugatuzi wa 2013 kila kaunti inataka uwanja wake, Kabunde, Lichota, Suneka, Kakamega. Sina ugomvi navyo, vingi vitawafaa wagonjwa na watalii. Ila tusivihesabie abiria wale wale ambao tayari tumewahesabia Kisumu.

Liko jambo la mwisho ambalo wahandisi wa barabara hawalipendi, nalo ni kwamba ufuo unasogea. Mei 2020 ziwa lilifikia kilele cha 1964 na kukipita kwa kiasi kidogo. Nyumba za Dunga na Nyando zilizama, magati yakafunikwa, gugumaji likasukumwa mahali ambapo halikuwahi kufika. Uwanja ulio kando ya maji haya unapangwa kwa miaka hamsini, na miaka hamsini inatosha ziwa kupanda na kushuka zaidi ya mara moja. Mifereji, mitaro ya kingo, uzio, hata ndege wa porini wanaofuata maji na takataka karibu na njia ya kurukia, vyote ni sehemu ya hesabu ya uwezo.

Utaanza na kuhesabu. Kabla ya kufungua sura ya kwanza, chagua Ijumaa moja, simama nje ya jengo la abiria kuanzia saa tisa alasiri hadi giza, na uandike kwa kila anayetoka: ameondoka kwa gari gani, amengoja muda gani, anaelekea wapi. Ijumaa nyingine fanya hivyo hivyo kwenye lango la kiwanda cha samaki, ukiandika saa lori linapoingia na saa linapoondoka. Leta karatasi zote mbili. Sura ya kwanza imeandikwa kwa kudhani unazo mkononi.